Kamba za Tope la Makupa

Anayetoka kisiwani kwenda Changamwe leo hupita Kibarani bila kugeuza shingo. Kuna maji ya mkono wa bahari wa Makupa, kuna reli, kuna malori ya makontena, na kuna miti iliyopandwa juu ya lililokuwa jaa la mji mzima. Vijana wengi wa Mombasa wanaijua Kibarani kwa moshi na harufu ya taka. Mimi ni Mchangamwe, nimefundisha bayolojia katika shule za sekondari za mji huu hadi nikastaafu, na Kibarani ya utotoni mwangu ilikuwa na harufu nyingine. Ilinuka makumbi.

Kumbi la nazi likifukiwa topeni miezi mingi hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ileile ya yai viza. Mgeni hukunja pua. Wanawake waliofanya kazi hiyo waliisubiri harufu hiyo na kuipima, kwa sababu ndiyo iliyowaambia kazi imefika wapi. Kutoka kwenye tope hilo walipata usumba, na kutoka kwenye usumba kamba iliyofunga nyumba, vitanda na vyombo vya bahari vya pwani nzima.

Ninaandika habari zake sasa kwa sababu maabara za Ulaya na Marekani zinatangaza ufundi mpya, wa kuwabadili bakteria ili watutengenezee vitu vya kutumia: matofali, ngozi, nyuzi zinazopitisha umeme. Nimeusoma ufundi huo kwa furaha ya mtu aliyefundisha watoto kuchora bakteria ubaoni miaka mingi. Ila kila ninaposoma kwamba binadamu ameanza sasa kuwafanyisha kazi viumbe hawa katika kutengeneza mali ghafi, namkumbuka Bibi yangu, mzaa mama, akiwa magotini topeni. Kazi yake ilikuwa hiyo. Haijaandikwa popote kama ufundi, na nataka iandikwe.

Kazi ilianza kwa kuchagua. Nazi iliyokauka mtini hadi ikaanguka yenyewe ina kumbi gumu la kahawia, zuri kwa brashi na kusugulia masufuria. Kumbi la dafu halifai kitu, nyuzi zake hukatika mkononi. Bibi alitaka koroma iliyokaribia kuwa nazi, kumbi lake bado lina ukijani au umanjano kidogo. Nazi zilifuliwa kwenye kifuo huko shambani, makumbi yakatiwa kwenye mapakacha, yakateremshwa ufuoni siku hiyo hiyo. Kumbi likilala juani siku kadhaa, alisema, tope hulikataa.

Shimo nalo halikuchimbwa popote. Ukichimba juu mno, maji yanafika wakati wa bamvua tu na makumbi yanakauka katikati. Ukichimba chini mno, mkondo unayachukua. Bibi alichimba nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku bila nguvu nyingi, na ambapo ukifukua mchanga kidogo unalikuta tope jeusi. Makumbi yalipangwa tabaka juu ya tabaka, migongo ikitazama juu, yakafunikwa kwa makuti makuukuu, kisha tope, kisha mawe ya matumbawe ili yasielee. Kila mwenye shimo alichomeka mti wa mkandaa kuwa alama yake, na hakuna aliyegusa shimo la mwenziwe. Bibi aliachiwa lake na mamake.

Yalifukiwa mwanzo wa kusi, na hayakufukuliwa hadi kaskazi ilipoingia. Kabla ya hapo alikuwa akienda kupima. Aliondoa jiwe moja, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akatoa kumbi moja. Alilibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani. Kisha alilivunja ganda la nje kwa kucha na kutazama kama linabanduka lote au linang'ang'ania. Mwisho alilinusa karibu kabisa, macho amefumba. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiyatoe tu, mbona yamelainika.

"Hayajaiva hayo, mwanangu. Yarudishe. Tope ndilo lifanyalo kazi, mimi nangoja."

Nilipofika chuo cha ualimu na kusomeshwa kuhusu pektini ndipo nilipopata majina ya kile alichokuwa akikipima kwa gumba. Nyuzi za kumbi zimeshikanishwa na nyama laini yenye pektini, ambayo ni gundi ya mimea. Chini ya tope jeusi hakuna oksijeni, na huko huishi bakteria wanaotoa vimeng'enya vya kuiyeyusha gundi hiyo ili waile. Gundi ikiisha, nyuzi zinaachana. Swali zuri ni kwa nini hawali na nyuzi zenyewe. Jibu ni lignini. Zaidi ya theluthi moja ya uzi wa kumbi ni lignini, kitu kigumu ambacho viumbe wa mahali pasipo na oksijeni karibu hawakiwezi kabisa. Kwa hiyo mahali palepale palipo na walaji wa gundi, walaji wa uzi hawapo. Bibi alipofukia kumbi kwenye hewa finyu ya topeni alikuwa anawachagua wafanyakazi na kuwafungia nje waharibifu.

Maji ya kujaa na kupwa yana kazi yake pia. Kumbi linapooza hutoa maji mekundu yenye tanini na jamaa zake, na maji hayo yakisimama shimoni huwaua bakteria walewale wanaofanya kazi. Bahari inapoingia na kutoka huyaosha. Ndiyo maana shimo la kisima halitoi usumba mzuri na shimo la ufuoni hutoa, na ndiyo maana mahali pa kuchimba palikuwa siri ya mama na binti. Mhandisi wa leo hubadili jeni ndani ya bakteria. Wanawake hawa walibadili chumvi, kina, hewa, muda na mwendo wa maji, wakapata kundi la bakteria walilolitaka, msimu baada ya msimu. Kwangu mimi huo ni uhandisi, na ninalisema neno hilo nikijua maana yake.

Siku ya kufukua wanawake walikuja wengi, kanga kuukuu zimefungwa kiunoni. Makumbi yalisuuzwa baharini, yakawekwa juu ya gogo, yakapigwa kwa magongo mazito hadi nyama yote ikamwagika kama unga na usumba ukabaki. Usumba ulioiva vizuri una rangi ya dhahabu. Uliotolewa mapema huwa na weusi na huchoma viganja. Ulianikwa mchangani, ukakung'utwa, kisha ukasokotwa kwa viganja viwili au juu ya paja: uzi mmoja mmoja unasokotwa kwenda upande huu, halafu nyuzi mbili zikishikanishwa zinasokotwa kwenda upande wa pili, kila mmoja ukiuzuia mwenzake kufumuka. Bibi alisokota akizungumza, akikemea watoto, akisikiliza taarabu ya redioni. Mikono haikusimama.

Ufundi huu ni wa kale kuliko mji wenyewe kuandikwa kwenye ramani. Kitabu cha baharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinazitaja jahazi ndogo za kushonwa katika bandari ya Rhapta, kusini mwa pwani yetu. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mapema karne ya 10, alieleza vyombo vya Bahari ya Hindi vilivyoshonwa kwa nyuzi za mnazi badala ya kupigiliwa misumari. Na Ibn Battuta, aliyelala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akiwa safarini kwenda Kilwa, akawasifu watu wake kwa uchamungu na kuitaja misikiti yao ya mbao, miaka kumi na kitu baadaye alikaa Maldivi na kuacha maelezo ya usumba ambayo Bibi angeyasikiliza na kutikisa kichwa kukubali: makumbi hulowekwa mashimoni ufuoni, hupigwa kwa magongo, wanawake huyasokota, na kamba zake hushonea merikebu na kuuzwa Bara Hindi, Uchina na Yemeni. Watu wa Maldivi na watu wa Mvita walikuwa wanaishi kwenye bahari moja na kuwatumia viumbe wa aina moja.

Chombo kikuu cha kushonwa cha kwetu kilikuwa mtepe. Kilijengwa katika visiwa vya Lamu, kikiwa na tanga la mkeka, na kilileta boriti za mikoko kusini hadi Mombasa na Unguja. Mbao zake zilitobolewa pembeni na kushonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Chombo kilichoshonwa kikipanda mwamba hulegea kidogo na kurudi, na hakina chuma cha kuliwa na kutu. Mtepe wa mwisho wa safari za bahari kuu ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941, wakati kilichobaki kilikuwa kumbukumbu na vielelezo vidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa Unguja walijenga mtepe mzima kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na kumbuka kwamba kabla fundi hajapiga shoka, mtu alilazimika kwenda kutafuta wanawake wenye kamba.

Mtepe ulikwisha, kamba haikwisha. Majahazi ya misumari yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakatia nanga Bandari ya Kale chini ya Ngome ya Yesu, yalihitaji amari ya nanga, henza ya kupandishia foromali, na demani ya kuongozea tanga. Kamba ya makumbi huelea na haiozi upesi katika maji ya chumvi, na manahodha walijua. Mkonge ulipoenea Tanganyika baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuuleta mwaka 1893, kamba zake zilikuwa na nguvu zaidi nchi kavu, zikatengenezwa kwa mashine, zikawa rahisi. Baharini watu waliendelea kuulizia usumba. Na si baharini tu. Fito za nyumba ya udongo zilifungwa kwa kamba hizi, makuti ya paa yalishikwa nazo, kitanda cha kamba kilisukwa nazo. Wanaume wa bandarini wanatajwa katika historia ya Mombasa kwa majina ya makabila yao, mashehe wao na vyombo vyao. Aliyewasokotea amari hatajwi.

Kilichoiua kazi hii Makupa si nailoni peke yake, ingawa nailoni ilipiga pigo kubwa kuanzia miaka ya 1960. Maji yalikuwa yamekwisha kuguswa kabla.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilitoka kisiwani ikivuka Makupa kwa daraja, lililopewa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, Salisbury. Chini ya daraja bahari ilipita. Baadaye serikali ya kikoloni ilijaza mawe na udongo, ikafanya tuta la barabara na reli, na mkono wa bahari uliokuwa ukizunguka kisiwa ukakatwa vipande viwili. Bibi alikuwa akisema mamake alifukua makumbi mapema kuliko yeye, na usumba wake ulikuwa mweupe zaidi. "Maji hayatembei tena," alikuwa akisema, akiutazama upande wa tuta. Nilidhani ni masikitiko ya wazee juu ya siku zao. Nilipokuwa mwalimu nikayasoma masharti ya kuozesha makumbi, nikaona alikuwa ameeleza sababu kamili: maji yasipotembea, tanini haziondoki, na bakteria hufa kwenye mchuzi wa makumbi yenyewe.

Halafu likaja jaa. Kwa miongo kadhaa taka za Mombasa zilimwagwa Kibarani, ukingoni kabisa mwa maji, na mvua iliyonyesha juu yake iliteremka moja kwa moja kwenye tope. Watafiti wa bahari wa taasisi ya KMFRI, yenye makao yake hapa hapa Mombasa, wamepima udongo wa Makupa na kukuta metali nzito kama shaba, zinki na kadmiamu. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka, maelfu ya tani ya mafuta mazito yakaingia katika maji ya Makupa na Port Reitz, na mikoko ikafa kwa mahekta. Wakati huo Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda kutazama na wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tope lile lililokuwa jeusi kwa uhai lilikuwa jeusi kwa lami.

Somo nililowapa siku ile lilikuwa juu ya bakteria mwingine, na bado naona ni somo sahihi kwa mahali pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ananda Chakrabarty, Mhindi aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, alichukua bakteria wa jamii ya Pseudomonas na kumkusanyia ndani yake plazimidi, yaani vijiduara vya DNA, kutoka kwa ndugu zake kadhaa, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kumeng'enya sehemu moja ya mafuta ghafi. Akapata bakteria mmoja mwenye uwezo wote. Alipoomba hataza ya kiumbe huyo, ofisi ya hataza ilimkatalia, ikisema kiumbe hai hamilikiwi. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 1980 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba kiumbe aliyetengenezwa na binadamu anaweza kuwa na mmiliki. Bakteria yule hakuwahi kumwagwa baharini kusafisha mafuta. Alichokifanya ni kufungua mlango wa biashara nzima ya viumbe vilivyobadilishwa.

Jamii hiyo hiyo ya Pseudomonas imetajwa na watafiti wa Kerala, India, miongoni mwa bakteria wanaoozesha makumbi. Nakumbuka nilivyowaambia wanafunzi: ndugu wa bakteria huyu wa mahakamani walikuwa hapa mlipokanyaga, wakifanya kazi kwa bibi zenu, na hakuna aliyeomba hataza.

Kerala inastahili kutazamwa zaidi, kwa sababu wao hawakuiacha kazi hiyo. Wana maji ya kujaa na kupwa kama yetu, wana minazi kama sisi, na walikuwa na mashimo yanayongojewa hadi miezi kumi au zaidi. Taasisi ya utafiti ya bodi yao ya makumbi iliwachunguza viumbe wa mashimo hayo, ikawatenga walio hodari, ikawakuza na kuwauza kama dawa iitwayo Coirret. Muda ukapungua hadi miezi takriban mitatu. Hapo hapakubadilishwa jeni lolote. Palifanyika jambo ambalo Makupa halikufanyika: mtu mwenye darubini alikwenda kukaa na mtu mwenye gongo.

Sasa kwa hao wa maabara. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walimbadili bakteria wa utumbo, E. coli, aote nyuzi za protini mwilini mwake zinazoshika chembe za dhahabu, utando wa bakteria ukapitisha umeme. Mwaka 2020 wenzao wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walichanganya mchanga, jelatini na sianobakteria, wakapata tofali ambalo bakteria wake hutengeneza chokaa ndani yake. Tofali moja likikatwa nusu na kuongezewa mchanga na chakula, hukua kuwa mawili, na kwa vizazi vitatu walipata manane. Na mwaka 2024 Imperial College ya London ilionyesha kazi ninayoipenda kuliko zote. Bakteria wa jamii ya Komagataeibacter, wanaotengeneza utando wa selulosi, walipandikizwa jeni la kutengeneza melanini, rangi ileile ya ngozi na nywele zetu. Waliachwa wakuze kitambaa katika umbo la kiatu kwa wiki mbili, kisha wakawekwa siku mbili kwenye joto la nyuzi 30 wakitikiswa polepole, na kitambaa kikageuka cheusi chenyewe, ndani na nje, bila rangi ya kiwandani.

Nyuzi 30 na mtikisiko wa polepole. Ukilisoma hilo ukiwa umewahi kuingiza mkono katika tope la Makupa mchana wa kusi, unajua mahali panapofanana napo.

Tofauti ni kubwa na sitaki kuifunika. Bibi aliozesha gundi ili abakiwe na uzi uliotengenezwa na mnazi. Hawa wa Imperial wanamfanya bakteria aufume uzi mwenyewe na aupake rangi. Kamba ya Bibi ilikuwa maiti ya mmea. Tofali la Boulder lina wakazi hai kwa wiki kadhaa. Na bakteria aliyebadilishwa hawezi kufukiwa ufuoni tu na kuachiwa mawimbi. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, na mtu anayetaka kumtoa kiumbe wa namna hiyo nje ya maabara lazima apate idhini ya mamlaka iliyoundwa chini yake. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Mkono wa bahari ambao umekwisha kumwagiwa mafuta na taka haupaswi kuwa mahali pa kwanza pa kujaribia kitu.

Ninachokiona kinafanana ni pale kazi inapoanzia. Bakteria wa Boulder, wa London, wa kila mahali, waliokotwa kwanza mahali fulani duniani ambapo walikuwa wakiishi maisha yao, na mara nyingi palikuwa na watu waliokwisha kuwajua kwa kazi yao. Katika jambo hili Kenya imekwisha kuumia. Mwaka 1992 mwanasayansi kutoka Uingereza alichukua sampuli za viumbe vidogo katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwemo. Kutokana na viumbe hao kampuni ya Kimarekani ya Genencor ilipata kimeng'enya kinachokula selulosi, kikauzwa kwa watengenezaji wa sabuni na kwa viwanda vya kufifisha rangi ya jinzi. Mamilioni ya watu wamevaa suruali zilizoguswa na kazi ya bakteria wa Kenya. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai haki ya nchi katika faida hiyo. Miaka mitatu baadaye, 2007, shirika hilo lilifunga mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, uliohusu malipo na mafunzo kwa wataalamu wa Kenya. Nchi ilijifunza kuandika mkataba baada ya kitu kutoka.

Bogoria angalau lina KWS, kwa sababu ni hifadhi na lina heroe. Tope la Makupa lina nani?

Jaa la Kibarani limefungwa, malori yakaelekezwa Mwakirunge upande wa Kisauni. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, tuta likakatwa, na bahari ikapita tena kati ya pande mbili za mkono huo. Nilikwenda mwenyewe kuangalia maji yakiingia chini ya nguzo. Yanatembea. Metali hazitaondoka kwa mwaka mmoja wala kumi, lakini sharti la kwanza la shimo la makumbi, lile alilolilalamikia Bibi, limerudi. Mikoko inaweza kurudi ikipandwa na kuachwa. Na makumbi hayajakosekana siku moja: Kongowea na masoko mengine yanayatupa kwa malundo kila asubuhi.

Wapo wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani na Bwejuu, wanaofukia makumbi ufuoni hata leo na kuyapiga magongo. Kwa hiyo mkono unaojua bado upo Uswahilini, na anayetaka kuuona si lazima aende Kerala.

Hapa kwetu iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na inazipa kaunti jukumu la kuyakusanya maarifa hayo na kuyaandikisha. Nataka Kaunti ya Mombasa iandikishe uozeshaji wa makumbi wa Makupa kama maarifa ya wanawake wa Changamwe, Jomvu, Mikindani na Kisauni, ikieleza kazi yote: nazi ya umri gani, tope la rangi gani, umbali gani kutoka mikoko, mwezi gani wa kufukia, alama gani za kuiva. Maelezo hayo yakiwa na mwenyewe kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, atakayekuja na chupa kutafuta bakteria wanaoyeyusha pektini kwenye maji ya chumvi atakuta mlango wenye jina. Na KMFRI iende na chupa zake kwanza, ikapime ni jamii zipi zimebaki baada ya mafuta, jaa na tuta, kwa maana waliobaki hapo wamevumilia shaba na kadmiamu, na viumbe wenye uwezo huo ndio wanaotafutwa na kila maabara ya dunia.

Wenye kumbukumbu ni wa rika langu na walionipita. Tulikuwa watoto, tulitumwa kubeba mawe na kushikilia mapakacha, lakini tuliona na tulinusa. Mimi nimekwisha kuandika niyajuayo katika daftari, pamoja na mchoro wa mahali lilipokuwa shimo la Bibi, hatua chache kusini mwa reli, upande wa Port Reitz. Aliye na habari za mashimo ya upande wa pili wa tuta, wa Tudor, anitafute, kwa sababu huko sikuwahi kufika.